King'amuzi kizima, mawimbi yamehama

Njia rahisi ya kusoma historia ya televisheni katika vijiji vya Kimwani, kusini mwa Wilaya ya Muleba, ni kutazama madishi yameelekea wapi. Lile kubwa la wavu, la futi sita au nane, lililosimikwa uani kwa bomba la chuma na zege, linatazama mashariki, kwenye setilaiti zilizokaa juu ya Bahari ya Hindi. Hilo ni la watu wa mwanzo, wale waliokuwa na jenereta au sola kubwa kabla umeme wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, haujafika. Dogo lililofungwa ukutani linatazama magharibi, upande wa Kongo. Hilo ni la Azam, kampuni ya televisheni ya kulipia, kwa kuwa setilaiti yake iko nyuzi 7 mashariki, wakati sisi huku Muleba tuko karibu na nyuzi 32. Likiwa limelala kiasi cha kutazama karibu utosini, ujue ni la DStv, ambayo setilaiti yake iko nyuzi 36. Na hapa na pale utaona mti mrefu umefungwa antena ya vijiti iliyoelekezwa kaskazini, Bukoba mjini.

Ndani ya nyumba, kila dishi na kila antena ina king'amuzi chake. Nyumba nyingi zina viwili: kinachofanya kazi, na kilichowekwa juu ya kabati. Hicho cha juu ya kabati hakijaungua. Ukikichomeka kwenye umeme kinawaka taa, kinaitikia rimoti, kinafungua menyu yake yote, kisha kinaandika yale maneno ambayo hata mtoto wa chekechea anayajua, No Signal, na kubaki hapo.

Hicho ndicho kilichonifanya niandike. Kilinunuliwa kwa fedha ya kahawa au ya dagaa, kikafunikwa kitambaa kisiingie vumbi, kikadumu miaka michache, halafu kikakosa kazi kwa sababu ya uamuzi uliofanyika Dar es Salaam, na kabla ya hapo Geneva. Mwenyewe hakuulizwa. Mara nyingi hata kuambiwa hakuambiwa. Aliona tu picha haipo, akadhani upepo umesogeza dishi, akamlipa fundi apande juu ya paa, na fundi akashuka akisema dishi halina tatizo lolote. Nasema gharama hii imebebeshwa mtu ambaye hakustahili kuibeba peke yake.

Tuanzie mbali kidogo. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, tena ya rangi, wakati Tanzania Bara haikuwa nayo kabisa. Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990. ITV ilianza mwaka 1994, na televisheni ya taifa, TVT, ambayo leo ni TBC1, ikaja baadaye. Kwa miaka yote hiyo matangazo ya minara yalikuwa ya analojia, na analojia ilikuwa na huruma yake. Mawimbi yakiwa dhaifu, picha ilikuja na chenga. Mkimbiaji alikuwa anakimbia ndani ya chenga, msomaji wa habari alikuwa na kivuli chake pembeni, lakini ulimsikia na ulimwona. Kijana wa nyumba alitoka nje kuzungusha mti wa antena huku wa ndani wakipiga kelele dirishani: bado, rudisha kidogo, umepitiliza, hapo hapo usiguse! Taarifa ya habari ikatazamwa hivyo hivyo hadi mwisho. Seti ile ile ya chogo iliyonunuliwa 1995 ilipokea matangazo ya 2005 bila kudai kitu chochote kipya.

Dijitali haina nusu. Ama picha inakuja safi, ama inaganda vipande vipande na kutoweka. Sababu yake ni hii: analojia ilipeleka picha yenyewe hewani, ikipanda na kushuka pamoja na mawimbi, dijitali hupeleka namba. Picha hubanwa kwanza ili namba zake ziwe chache, halafu hupangwa kwa kanuni maalumu ya kusafirisha, halafu, kama chaneli ni ya kulipia, hufungwa kwa kufuli la kampuni. King'amuzi kazi yake ni kufanya hayo kinyumenyume: kufungua kufuli, kupangua, kukunjua picha. Kinajua kanuni zile tu kilizowekewa kiwandani, basi. Ikibadilika moja kati ya hizo tatu, kufuli, kusafirisha au kubana, king'amuzi kinakuwa ufunguo mzima ambao kitasa chake kimebadilishwa.

Na kanuni hizi hazikai. Ile ya kwanza ya kurusha dijitali kutoka kwenye minara, DVB-T, ilitoka mwaka 1997. Mwaka 2009 ikaja DVB-T2, inayobeba mzigo mkubwa zaidi katika masafa yale yale. Kwa setilaiti ilikuwa DVB-S, kisha DVB-S2. Kwa kubana picha ilikuwa MPEG-2, ikaja MPEG-4 mwaka 2003, ikaja HEVC mwaka 2013. Kila hatua ina faida ya kweli, sitaki kuificha: chaneli moja ya analojia ilikula masafa ambayo leo yanabeba chaneli kumi na tano au ishirini. Lakini king'amuzi cha kanuni ya zamani hakiwezi kujifunza ya mpya, kwa sababu kazi hiyo imechongwa ndani ya chipu, na chipu haibadilishwi kwa kubonyeza rimoti. Cha kanuni mpya kwa kawaida husoma ya zamani. Cha zamani hakisomi mpya kamwe.

Jirani zetu wa Kenya waliliona hili mapema. Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali jijini Nairobi kwa mfumo wa DVB-T. Haukupita muda mrefu, Kenya, sawa na nchi nyingi za upande huu wa Afrika, ikaamua kuhamia DVB-T2. Uamuzi ulikuwa sahihi kwa nchi. Lakini wale waliokuwa wepisi wa kuitikia wito, waliokwenda dukani mwanzoni kabisa kununua ving'amuzi, ndio walioumia. Aliyechelewa alinunua kimoja, aliyewahi alinunua viwili. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika mambo ya dijitali raia mtiifu ndiye hulipa zaidi.

Wala si la Afrika peke yake. Berlin ulikuwa mji wa kwanza duniani kuzima analojia kabisa, Agosti 2003, na Wajerumani wakanunua vipokezi vya DVB-T kwa mamilioni. Machi 2017 nchi hiyo hiyo ikahamia DVB-T2 pamoja na HEVC, na vipokezi vile vikaisha kazi, vingine vikiwa na miaka michache tu. Ufaransa ilifanya yake Aprili 2016 ilipoachana na MPEG-2. Tofauti kubwa kati yao na mtu wa Kimwani iko mfukoni.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2006 nchi za Ulaya, Afrika na sehemu ya Asia zilikubaliana Geneva, chini ya Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, kwamba baada ya Juni 17, 2015 matangazo ya analojia hayatalindwa tena na mkataba. Tanzania haikusubiri. Usiku wa Desemba 31, 2012, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima mitambo ya analojia Dar es Salaam, tukawa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Mwaka 2013 zikafuata Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya. Miji ya awamu ya pili, Bukoba ikiwemo, ikaja baada ya hapo. Kazi ya kurusha ilitolewa kwa kampuni tatu: Star Media, ambayo watu wanaijua kwa jina la StarTimes, Agape iliyoleta Ting, na Basic Transmissions iliyoleta Digitek.

Wenye vituo vya televisheni walilalamika mapema. Mwanzoni mwa 2013 chama chao, MOAT, kikiongozwa na hayati Reginald Mengi, kilisema watazamaji wamepungua na matangazo ya biashara yamepungua pamoja nao, kikaomba analojia irudishwe kwa muda ili mifumo miwili iende sambamba. Ombi halikukubaliwa. Nakumbuka mjadala ule ulivyopamba moto magazetini, na nakumbuka pia kwamba karibu wote waliosemewa walikuwa watu wa mijini. Mtu wa Kimwani hakuwa kwenye hesabu, kwa sababu ilichukuliwa kwamba hana cha kuzimiwa.

Alikuwa nacho. Kimwani iko chini kabisa ya Muleba, ukielekea Biharamulo na Chato, mbali na Bukoba. Na Muleba yenyewe ni nchi ya migongo na mabonde inayoambaa na Ziwa Viktoria. Mawimbi ya televisheni ya mnara husafiri kwa kunyooka. Yakikutana na mgongo wa kilima yanaishia hapo. Mwenye nyumba juu kwenye mwinuko wa Kamachumu ana bahati ambayo aliye bondeni hana. Zamani, aliye bondeni alipata chenga, akaridhika. Dijitali ilipokuja, chenga zile zikageuka kuwa skrini nyeusi. Ndiyo maana, tofauti na Dar es Salaam ambako watu walikimbilia antena ndogo ya ndani, huku kwetu mwenye uwezo alikwenda moja kwa moja kwenye dishi.

Dishi nalo likaja na taabu zake. Madishi makubwa ya wavu yalikuwa yakipokea chaneli za nyumbani bila malipo ya mwezi, kwa vipokezi vya mfumo wa zamani. Chaneli ikihamia DVB-S2, au ikibadili setilaiti, kipokezi kile kinabaki kinasachi usiku kucha bila kupata kitu. Mtu akauza dishi lake la futi nane kwa bei ya chuma chakavu, akanunua dogo la kampuni. Azam TV ilianza mwishoni mwa 2013 na ikaja na kile ambacho hakuna kijana wa Muleba angeweza kukikataa, yaani Simba na Yanga. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitia saini na Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kuanzia hapo kibanda umiza kisicho na king'amuzi cha Azam hakina wateja siku ya mechi, na kilicho nacho hujaza watu hadi mlangoni.

Hapo ndipo aina nyingine ya kufa kwa king'amuzi ilipoingia, ambayo haihusiani na chipu wala kanuni za kubana picha. Agosti 2018 TCRA iliagiza kampuni za dishi, yaani Azam, MultiChoice yenye DStv, na Zuku, ziondoe chaneli za ndani ambazo kisheria mwananchi anapaswa kuzitazama bure, kwa maelezo kwamba leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Mamlaka ilikuwa ikisimamia kanuni, na kulikuwa na hoja nzito ndani yake: chaneli ya bure isifungiwe ndani ya kifurushi cha kulipia, kwamba usipolipa mwezi huu hata taarifa ya habari huioni. Lakini jibu lililotolewa kwa mwananchi lilikuwa anunue king'amuzi cha antena azione bure. Mwananchi wa Bukoba mjini angeweza. Wa Kimwani angenunua, angepanda juu ya mti, na mnara usingemwona. Kwake yeye ITV na Channel Ten ziliondoka siku ile, na dishi lake likiwa halijasogea hata nukta moja. Baadaye utaratibu ulirekebishwa na chaneli zikarudi kwenye madishi. Mwaka ule ulituonyesha wazi kwamba aliyeko nje ya mnara hana njia mbadala.

Nenda ukakae kwenye kibanda cha fundi yeyote wa Muleba mjini au Kyamyorwa uone mzigo wenyewe. Rafu ya nyuma imejaa ving'amuzi vilivyoachwa na wenyewe, majina ya kampuni yamefifia, vingine bado vina stika ya bei ya duka. Fundi havitupi. Anachukua adapta kwanza, kwa sababu vingi vinatumia umeme wa volti 12, na adapta hiyo inafaa kwenye taa au redio. Kingine anakiunganisha moja kwa moja kwenye betri ya sola. Anachukua rimoti, anachukua nyaya za njano, nyeupe na nyekundu. Anafungua kifuniko, anang'oa kapasita mbili tatu kwa koleo na pasi ya kulehemu, anaziweka kwenye kopo la maziwa. Kinachobaki ni bodi ya kijani na bati. Ukimuuliza ni vingapi kati ya hivyo vililetwa vikiwa vimeharibika kweli, atakuonyesha vichache vilivyopigwa radi, maana Kagera radi si haba. Vilivyobaki vilikuja vizima.

Na mteja anapofika kununua kingine, anakutana na mtego mwingine. Nyumbani ana televisheni ya chogo, inayopokea zile nyaya tatu za rangi. Baadhi ya ving'amuzi vipya vina tundu la HDMI peke yake. Basi ama anunue kifaa cha kugeuza, ama anunue televisheni bapa. Mabadiliko ya kitu kimoja cha hewani yamevuta king'amuzi, king'amuzi kimevuta televisheni, na televisheni mpya imevuta betri kubwa ya sola kwa asiye na umeme wa gridi. Hakuna tangazo lililowahi kuijumlisha hesabu hiyo kwa niaba ya mnunuzi.

Shangazi yangu anaishi huko. Alinunua king'amuzi cha antena katika duka la wakala kwa sababu aliambiwa kwamba hicho hakina malipo ya mwezi. Kwa mwaka na kidogo alitazama. Asubuhi moja chaneli zote zikapotea. Wakala akamwambia kampuni imebadili mitambo, asachi upya. Tukasachi, hakuna kitu. Akaambiwa ni cha zamani, anunue kipya. Nilipomsalimia, shikamoo shangazi, akanijibu vizuri, akaniuliza swali moja tu ambalo sikuwa na jibu lake: kama walijua watabadili, kwa nini waliniuzia? Swali lile ndilo kiini cha makala haya, na halihitaji elimu ya mawimbi kulielewa.

Maana wanajua. Mitambo ya kurusha haibadilishwi usiku mmoja. Huagizwa miezi mingi kabla, hulipiwa, hufungwa na kujaribiwa. Masafa nayo hayahamishwi bila TCRA kutoa kibali. Katika miezi hiyo yote ving'amuzi vya zamani huendelea kuuzwa mitaani, mara nyingi kwa bei ya kutupa, na bei hiyo ndiyo inayomvuta mtu wa kipato cha chini. Mzigo wa mwisho wa teknolojia inayoondoka huishia vijijini. Naiita dhuluma, hata kama hakuna aliyeikusudia.

Hoja nyingine inayonikera zaidi ni ya fedha. Analojia ilizimwa ili masafa yapatikane. Bendi ya 700 MHz, ambayo zamani ilibeba televisheni, leo inabeba intaneti ya simu. Juni 2018 TCRA iliipiga mnada. Vodacom na Azam Telecom zikashinda, kila moja kwa zaidi kidogo ya dola milioni 10 za Marekani. Mnada mwingine wa masafa ukafuata Oktoba 2022. Sipingi minada hiyo. Masafa ya 700 hufika mbali na hupenya vizuri kuliko ya juu, na mvuvi wa Bumbire au Goziba anayepiga simu akiwa kisiwani anafaidika nayo. Ninachosema ni kwamba nafasi ile hewani iliachwa wazi na watu waliotakiwa kununua ving'amuzi kwa fedha zao. Wao walihama, Serikali ikapangisha nyumba. Haki inataka sehemu ya kodi iwafikie waliohama.

Wengine walifanya hivyo. Marekani ilipozima analojia Juni 12, 2009, kila kaya iliweza kuomba vocha mbili za dola 40 za kununulia kigeuzi, na fedha hizo zilihesabiwa kutoka kwenye mauzo ya masafa. Uingereza, iliyoanzia mji mdogo wa Whitehaven mwaka 2007 na kumaliza Ireland ya Kaskazini Oktoba 2012, iliweka mpango wa kuwasaidia wazee wa miaka 75 na kuendelea pamoja na wenye ulemavu: mtu alikwenda nyumbani kwao, akafunga kifaa, akawafundisha kukitumia. Sisi hatukuwa na vocha. Tulikuwa na matangazo ya kuhimizana kununua.

Je, hatuna uwezo? Chombo tunacho. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kwa lengo la kupeleka mawasiliano pale ambapo biashara peke yake haiendi, na umekuwa ukisaidia ujenzi wa minara ya simu vijijini pamoja na usikivu wa redio. Mnara mdogo wa kujaza pengo la televisheni ya bure kwa ukanda wa kusini mwa Muleba ni jambo la aina ile ile. Na ukiona mnara ni ghali kwa wakazi waliotawanyika, basi ruzuku ya dishi la chaneli za bure, zisizo na kadi wala kifurushi, ingefanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Kaya ipokee TBC na vituo vingine vya ndani bila kuwa mteja wa mtu.

Nasisitiza la kutokuwa mteja wa mtu, kwa sababu kufuli la kampuni nalo huua ving'amuzi, sawa na mabadiliko ya kanuni. King'amuzi cha kampuni hii hakisomi matangazo ya ile, hata kama vyote viwili vina chipu ya aina moja na vimetengenezwa katika kiwanda kimoja China. Kampuni ikiyumba au ikibadili kadi, sanduku linabaki bati. Laini ya simu unaiweka kwenye simu yoyote. Hatukukubali simu ifungwe kwa mtandao mmoja maisha yake yote. Kwenye televisheni tumekubali bila hata kujadiliana.

Kuna na la taka. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana. Televisheni za chogo zina madini ya risasi ndani ya kioo chake, na kioo hicho kikivunjwa nyuma ya nyumba au kutupwa kwenye korongo, mvua za huku zinajua pa kupeleka maji yake: ziwani, tunakovua na tunakochota. Katika Muleba hakuna mahali ambapo mwananchi ameambiwa apeleke king'amuzi au chogo lake. Anayeuza kipya angeweza kupokea cha zamani dukani hapo hapo, kwa punguzo hata la shilingi elfu chache, na gari lililoleta mzigo mpya kutoka Mwanza likarudi na mzigo wa zamani.

Mabadiliko mengine yanakuja, tusijidanganye. Masafa ambayo televisheni imebakiwa nayo, chini ya 694 MHz, yanatamaniwa na kampuni za simu duniani kote. Yalijadiliwa kwa kirefu kwenye mkutano wa ITU uliofanyika Dubai mwishoni mwa 2023, na mjadala huo umepangiwa kurudi mwaka 2031. HEVC inaendelea kuchukua nafasi ya MPEG-4. Kwa hiyo vyote viwili, king'amuzi cha shangazi kilichokufa na kipya alichonunua, viko katika foleni moja.

Naiomba TCRA mambo ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Mwenye leseni akiomba kubadili mfumo, kibali kimtake atangaze tarehe miezi mingi kabla, kwa Kiswahili, tena kupitia redio zinazosikika Kagera na si kwa tovuti na magazeti ya Dar es Salaam pekee. Kuanzia siku anapotoa taarifa hiyo, asiruhusiwe kuuza vya zamani. Aliyeuziwa ndani ya mwaka mmoja kabla ya mabadiliko abadilishiwe bure, kwa risiti. Na kila boksi linaloingia nchini liandikwe kwa Kiswahili ubavuni linapokea mfumo gani, na kama limefungwa kwa kampuni moja au liko wazi. Unga tunaandikiwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Kifaa kinacholiwa na mabadiliko kinastahili maelezo hayo hayo.

Na wewe unayejiandaa kununua baada ya msimu wa kahawa, usitoe fedha kwa sababu ya bei peke yake. Muulize muuzaji kama kinapokea DVB-T2, au DVB-S2 ikiwa ni cha dishi, na kama kinasoma HEVC. Ukinunua televisheni mpya tafuta iliyoandikwa T2S2 kwenye boksi, maana hiyo ina kipokezi ndani na itakupa chaneli zilizo wazi bila sanduku la pembeni. Muulize pia itakuwaje siku usipolipia kifurushi, TBC1 itabaki au itaondoka, na akujibu mbele ya shahidi. Kabla ya kununua cha antena, azima cha jirani ukijaribu juu ya paa lako mwenyewe, kwa sababu kilichoshika Kamachumu si lazima kishike Kimwani. Dai risiti yenye jina la duka na tarehe, uitunze pamoja na boksi. Chaneli zikipotea bila taarifa, usimlipe fundi wa dishi kwanza. Mpigie aliyekuuzia, na asipokusikiliza peleka malalamiko kwa maandishi ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza, au kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, lililoundwa kwa ajili ya kumsemea mtu kama wewe.